Refa wa Kinoo na Goli la Zimbabwe

Wanjira wa Kinoo alijulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa sura. Siku za kazi aliuza yunifomu katika duka moja la Ngara, Nairobi, na ukipita nje ungemsikia akimwambia mzazi fulani kwamba sweta ile itambana mtoto kabla muhula haujaisha, bora achukue saizi inayofuata, mtoto ataijaza tu. Wikendi alivaa suruali nyeusi na raba, akaning'iniza filimbi shingoni, akaenda uwanja wa City Park kuchezesha hoki, mchezo ambao watangazaji wa redio huuita mpira wa magongo.

Zamani alikuwa mchezaji mwenyewe. Akiwa shule ya upili alicheza winga wa kulia, na waliomwona wanasema alikuwa na mbio za kutisha. Aliitwa kujaribiwa timu ya taifa, na wiki hiyo hiyo goti lake likateguka alipokuwa akishuka ngazi, si hata uwanjani. Alikaa muda mrefu akiwa na uchungu, hataki hata kuliona gongo. Halafu siku moja, refa wa mechi ya shule alikosa kuja, mwalimu akamtupia filimbi, na Wanjira akagundua jambo ambalo hakulitarajia: kwamba kati ya watu wote walio uwanjani ni refa peke yake asiye na upande, na kwamba kukosa upande kunampumzisha mtu moyo. Hakuiacha tena ile filimbi.

Upande alikuwa nao nyumbani tu. Dada yake alifariki akiacha mtoto wa kike, Shiru, na Wanjira akamlea pamoja na mama yake, Wamucii, katika nyumba ya mawe nyuma ya maduka ya Kinoo. Shiru alimwita Tata, kama Wakikuyu wanavyomwita shangazi au mama mdogo, na bibi akamwita Cucu. Mtoto alianza kushika gongo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipofika kidato cha nne alichaguliwa kuichezea Kenya ya wasichana chipukizi, na Agosti hiyo, mwaka 2006, Nairobi ikawa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya nchi nne: Kenya, Ghana, Zimbabwe na Namibia.

Wanjira aliwekwa katika orodha ya marefa wa akiba. Alipoomba ruhusa dukani, tajiri wake, Bwana Mbarak, mzee wa Mombasa aliyehamia Ngara tangu ujana wake, hakumwacha hata amalize.

"Nenda, mwanangu, nenda. Skuli zimefungwa, nani atanunua sweta? Lakini ukirudi unieleze. Mimi hoki siijui hata ikipita hapa mbele yangu."

Siku za mwanzo Wanjira hakuwa na kazi kubwa. Alikaa kwenye meza ya kando, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa ile baridi ya Agosti, akitazama. Kenya ilipocheza, alificha mikono mfukoni ili isipige makofi. Shiru alikuwa kiungo, mwembamba, mkaidi, na alicheza vizuri kiasi kwamba Wanjira alilazimika kutazama pembeni asije akaonekana akitabasamu.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya fainali. Ghana walikuwa wamekwisha kuingia fainali. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya Kenya au ya Zimbabwe. Kenya walikuwa wamemaliza mechi zao zote; Zimbabwe walibakiza moja, dhidi ya Namibia. Zimbabwe wakishinda, fainali ni yao. Wakitoka sare au wakipigwa, Kenya wataingia fainali wakiwa wamekaa tu.

Asubuhi hiyo, refa mgeni aliyepangiwa mechi aliamka na tumbo la kuendesha, hawezi hata kusimama. Mkuu wa mashindano, Bwana Zachariah, mtu mfupi asiyecheka ovyo, akamfuata Wanjira kwenye meza.

"Jitayarishe. Utachezesha na Nambozo."

Nambozo alikuwa refa kutoka Mbale, Uganda, mwanamke mrefu mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo.

"Bwana Zachariah," Wanjira akasema, "Shiru ni mtoto wetu. Yuko kwa timu ya Kenya."

"Najua. Kenya hawachezi."

"Lakini hii mechi ni yao pia."

"Kila mtu hapa ana mtu wake. Waganda wako mbili, mmoja anachezesha na wewe, mwingine yuko kwa saa. Ukikataa nimweke nani? Mpishi?"

Wanjira akakubali. Na tuseme ukweli, ndani yake alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuchezesha mechi ya kimataifa, na goti lake likamsahaulisha kwamba liliwahi kumdhulumu.

Jukwaa lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Wasichana wa Kenya walikuja na tracksuti zao, wakajipanga nyuma ya goli la Namibia, na wakaanza kuishangilia Namibia utadhani wote walizaliwa Windhoek. Walipiga ngoma kwa ndoo ya plastiki. Namibia wakiokoa mpira, City Park nzima inalipuka. Wasichana wa Namibia wenyewe walikuwa wakigeuka kutazama, hawaelewi wamepata wapi ndugu wengi namna hiyo.

Mechi ilikwenda bila goli. Zimbabwe walishambulia, Namibia wakaziba. Wanjira alikuwa akilinda nusu ile ya Namibia, na mwanzoni aliisahau Kenya kabisa. Alikimbia, alipuliza, alinyoosha mikono, na kila alichokiona alikitamka. Ilipokaribia mwisho ndipo alipoanza kusikia saa ndani ya kichwa chake. Sare. Wakitoka sare, Shiru anacheza fainali. Alijikaripia. Akakaza macho kwenye mpira.

Katika hoki, mbele ya goli kuna mstari wa nusu duara ambao wachezaji huuita dii. Goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya dii hiyo. Ukipigwa kutoka nje ukaingia wavuni moja kwa moja, ni kazi bure.

Muda ukiwa umebaki kidogo tu, nahodha wa Zimbabwe aliinyang'anya Namibia mpira katikati ya uwanja, akakimbia, na kabla hajafika kwenye dii akaachia shuti. Mpira uliteleza juu ya nyasi bandia zilizolowa maji, ukipita katikati ya mabeki. Mbele ya kipa alikuwapo msichana mmoja tu wa Zimbabwe, mdogo wa umbo, namba kumi na moja. Alijirusha kifudifudi, gongo limenyooka mbele yake. Mpira ukapita. Ukagonga ubao wa nyuma ya goli.

Wanjira akapuliza filimbi na kuonyesha kwamba si goli. Umepigwa kutoka nje.

Jukwaa likainuka kama bati lililopigwa na upepo. Nyuma ya goli, Wanjira aliona kwa pembe ya jicho Shiru akiruka juu na kumkumbatia mwenzake. Beki wa Namibia akaokota mpira aupeleke mahali pa kuanzia.

Nahodha wa Zimbabwe akaja, hakukimbia, hakupaza sauti. Aliweka mkono kifuani na kusema kwa Kiingereza cha adabu kwamba mpira uliguswa. Kisha akarudi nyuma. Namba kumi na moja alikuwa bado amelala pale pale, maji yakimchuruzika usoni, akimtazama refa. Hakulalamika. Alitazama tu, kama mtoto anayengoja mkubwa akumbuke jambo alilolisahau.

Na Wanjira akakumbuka. Kulikuwa na sauti. Ndogo sana, *tik*, kama ukucha kwenye kikombe. Mtu yeyote aliyewahi kucheza hoki anaijua sauti ya mpira ukiparuza ncha ya gongo. Aliisikia. Akajiuliza kama aliisikia kabla ya kupuliza au baada, na jibu alikuwa nalo. Aliisikia kwanza. Sikio lilisikia, halafu mkono ukafanya kile moyo ulichokuwa ukikitaka.

Akapandisha mikono juu ya kichwa na kuikutanisha, ishara ya kusimamisha saa. Jukwaa likaguna. Nambozo akaja kutoka upande wa pili, hatua zake ndefu, uso hauna habari.

"Umeona mguso?" Wanjira akamuuliza.

"Mimi? Kutoka kule? Sikuona kitu. Migongo tu." Nambozo akamtazama vizuri. "Wewe ulikuwa karibu. Umeona nini?"

"Sikuona. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Gongo."

Nambozo akainua mabega. "Sasa mimi unaniuliza nini, dada?"

Wanjira alitamani yule mwanamke angemwambia lolote lile, hata amkemee, lakini Nambozo alikuwa amekwisha kugeuka. Basi Wanjira akatembea mpaka mahali ambapo watu wote wangemwona, akageukia katikati ya uwanja, na akanyoosha mikono yote miwili kuelekea huko. Goli.

Kwanza palikuwa kimya. Hata ndoo ilinyamaza. Halafu zikaja kelele ambazo hajawahi kuzisikia, si kabla wala baada.

"Wee refa! Wewe ni Mkenya kweli?"

"Amelishwa huyo!"

"Ondoa yeye!"

Chupa ya maji ikatua karibu na mstari wa pembeni. Wanjira aliisukuma kando kwa mguu na kuashiria mchezo uendelee. Jambo la ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi. Alichezesha dakika zilizosalia akisikia kila kitu: viatu, magongo, pumzi za wasichana. Saa ilipolia, Zimbabwe walikuwa wameshinda kwa goli hilo moja, na Kenya ilikuwa nje ya fainali.

Alipokuwa akitoka uwanjani, wasichana wa Kenya walipita mbele yake kuelekea kwenye basi lao. Baadhi walilia. Shiru alikuwa amevuta kofia ya tracksuti mpaka machoni. Alipita hatua chache tu kutoka kwake, hakumtazama. Wanjira alifungua mdomo, na yeye mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, sauti haikutoka.

Bwana Zachariah akamwita kwenye hema la maofisa. Alikwenda akijua filimbi yake imefika mwisho. Alimkuta mzee amekaa, thamosi ya chai iko mezani.

"Kaa. Ulipuliza mapema," Zachariah akasema.

"Ndiyo. Nilikosea. Naomba msamaha."

"Na halafu ukabadilisha."

"Ndiyo. Naomba—"

"Hapana. Kwa hiyo ya pili usiniombe msamaha." Akamimina chai, akamsukumia kikombe. "Hiyo ya kwanza ndiyo makosa, na nimekwambia. Imeisha. Kunywa."

Wanjira aliinywa chai ile ikiwa moto hivyo hivyo, ikamchoma ulimi, na hakujali.

Hakutaka kwenda nyumbani bado. Akateremka kwa miguu mpaka Ngara, akamkuta Bwana Mbarak akikunja mashati yaliyokwisha kukunjwa. Mzee alimtazama mara moja tu, akamvutia kiti.

"Mmefungwa?"

"Mimi sikuwa nacheza, Bwana Mbarak. Mimi nilikuwa refa."

"Basi nieleze."

Akamweleza yote: mpira, msichana aliyelala chini, ile sauti. Alipofika kwa Shiru na kofia yake, machozi yakamtoka. Mbarak alisikiliza akiwa ameshika shati mkononi, na alipomaliza akauliza, kama mtu anayetaka kuelewa vizuri, "Sauti uliisikia kweli?"

"Niliisikia."

"Na ungeiacha hivyo, ungekwenda nayo wapi? Si ungelala nayo? Mtoto amekasirika leo, atapoa kesho. Sauti kama hiyo haipoi, mwanangu. Mimi hoki siijui, lakini hilo nalijua." Akalikunja lile shati mara nyingine. "Umefanya vyema. Futa uso, wateja wataona nakupiga."

Wanjira akacheka huku analia, akapenga kamasi, akaondoka.

Habari zilikuwa zimemtangulia Kinoo. Mama yake, Wamucii, alikuwa jikoni, na hakugeuka.

"Wanasema umemtoa mtoto fainali."

"Ndiyo, Mami."

"Ilikuwa goli?"

"Ilikuwa goli."

Wamucii akapakua githeri ya mahindi na maharagwe, akaweka sahani mezani kwa kishindo kidogo, si kikubwa. "Kula. Kesho wanacheza na nani?"

"Namibia. Kutafuta nambari tatu."

"Tutaenda sisi wawili."

Wanjira alishangaa. Miaka yote ile mama yake hakuwahi kukanyaga City Park; alisema hawezi kwenda kutazama watoto wakipigana kwa fimbo. Lakini asubuhi alivaa koti lake la kanisani na kilemba, akachukua mfuko wa ndizi, akatoka mbele.

Walikaa juu kabisa kwenye jukwaa. Wanjira alijifunika shali mpaka puani. Haikusaidia. Kijana mmoja chini yao aligeuka, akakodoa macho, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Si huyo ndiye refa wa jana?"

Wamucii akainama mbele. "Ndiye. Na mimi ndiye nilimzaa. Uko na swali?"

Kijana akageukia uwanja haraka. Baadaye kidogo Wamucii alimpitishia ndizi, akaipokea kwa mikono miwili.

Kenya walicheza siku hiyo kama watu waliotuliwa mzigo. Namibia waliongoza, Kenya wakasawazisha, na karibu na mwisho Shiru alimkata beki, akapenyeza mpira katikati, na mwenzake akaumalizia wavuni. Wamucii hakuelewa lililotokea, lakini aliwaona watu wakisimama, naye akasimama, akapiga vigelegele vya harusi mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka. Wanjira alipiga makofi kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mikono ilimuuma.

Walipokwisha kuvishwa medali za shaba, Shiru akaanza kupanda ngazi za jukwaa, polepole, akiwa na soksi zilizolowa maji. Akamkumbatia bibi yake kwanza. Kisha akasimama mbele ya Wanjira akichezea utepe wa medali.

"Tata, jana niliona."

"Uliona nini?"

"Ile mpira. Nilikuwa nyuma ya goli kabisa. Niliona ikigusa stiki ya yule msichana." Akameza mate. "Ulipopuliza ya kwanza, mimi ndiye niliruka juu kushinda wote. Halafu nikakuangalia, nikaona uso yako, nikajua umesikia. Na nikaanza kuomba Mungu usibadilishe. Nikijua ni goli, Tata. Nilikuwa naomba hivyo."

"Na jana hukunisalimia."

"Ningekusalimia aje? Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naona aibu. Wasichana walikuwa wananiambia pole, eti una shangazi mbaya, na mimi najua ukweli, nimenyamaza tu. Usiku kambini nikawaambia. Nikasema mimi niliona, ilikuwa goli, na refa ni wetu na alifanya poa."

"Wakasemaje?"

"Kapteni alisema na yeye aliona." Shiru akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Kumbe tuliona karibu sisi wote."

Wanjira alimvuta akamkalisha kati yake na bibi. Alihisi kama mtu aliyekuwa ameshika pumzi tangu jana bila kujijua, na sasa hewa inaingia yote kwa pamoja. Wamucii akammenyea mtoto ndizi.

Wakabaki kutazama fainali. Shiru alivua tracksuti, akaipunga hewani, akaishangilia Zimbabwe mpaka sauti ikamkauka. "Kama ni hawa walitutoa," alisema, "basi wachukue kombe, tuwe tumetolewa na watu wa maana." Hawakuchukua. Ghana waliwashinda kwa goli moja, na Shiru alinuna kuliko alivyonuna jana. Namba kumi na moja, alipokuwa akitoka, aliinua macho jukwaani, akawaona, na akainua gongo lake. Wanjira akainua mkono.

Njiani kutoka, chini ya miti ya City Park, tumbili mmoja alishuka bila hodi, akaunyakua mfuko wa Wamucii na ndizi zilizobaki, akapanda nao juu. Bibi alimwita kwa majina yote ya Kikuyu anayoyajua. Tumbili akaketi kwenye tawi, akamenya ndizi kwa utulivu, akiwatazama. Shiru akaanza kucheka, Wanjira akafuata, na mwisho Wamucii mwenyewe akashika ubavu, wakacheka watatu mpaka wakaegemeana, na wapita njia wakawaepuka.

Wanjira alichezesha hoki kwa miaka mingi baada ya hapo, nyumbani na ng'ambo. Wachezaji wapya hulalamika kwamba huchelewa kidogo kupuliza, kwamba baada ya mpira kupita yeye husimama kwanza, kichwa ameinamisha upande, ndipo filimbi itoke. Hawaambii sababu. Huwaambia wacheze.

Jioni ile ya fainali alilala mapema, kabla hata ya taarifa ya habari, na hakuamka mpaka Shiru alipomgongea mlango asubuhi akisema chai imepoa na ni Jumapili, watu wa kanisa wanangoja.